Kosa Lisilo na Mwenyewe

Ingia nyumba yoyote ya Likoni, Kisauni au Changamwe wakati bilauri imeanguka jikoni. Mama akiuliza kutoka uani kuna nini, jibu litakalomfikia ni moja tu: "Imevunjika." Ni nadra kumsikia mtoto akisema, "Nimeivunja, mama." Bilauri imejivunja yenyewe, kana kwamba ilichoka kukaa kabatini.

Tusimcheke mtoto huyo, kwani sisi wakubwa ndio walimu wake. Fedha za chama zimepotea. Kazi imeharibika. Barua imesahaulika. Magari yamegongana. Katika maneno yote hayo aliyepoteza, aliyeharibu na aliyesahau hayumo. Si lugha yetu yenye lawama. Kiswahili kimetupa "vunja" na kikatupa "vunjika"; kimetupa "poteza" na "potea". Ni sisi tunaochagua, na aghalabu huchagua lile linalotufichia uso.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, bali kosa ni kurudia kosa. Maneno hayo twayapenda sana, hasa tunapoomba radhi. Lakini tuyatazame vizuri. Atawezaje mtu kuacha kurudia kosa ambalo hajakubali kuwa ni lake?

Tuna neno jingine la kujifichia, nalo ni "ajali". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni muda uliokadiriwa, hasa muda wa mtu kufa. Ndiyo sababu twasema ajali haina kinga. Imani kwamba kila mtu ana siku yake hatuna ugomvi nayo. Imewafariji wafiwa wengi. Lakini imani ni jambo moja, na hesabu ya watu langoni ni jambo jingine.

Twende Mtongwe. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikivusha watu kwenda kisiwani ilipinduka mita zipatazo 40 tu kutoka ufuoni. Ilikuwa na watu wapatao 400, ilhali uwezo wake ulikuwa watu 300. Waliokufa ni 272. Hata leo, ukiuliza, utaambiwa: "Ile ajali ya Mtongwe, feri ilipinduka."

Feri ilipinduka, naam. Lakini wale mia waliozidi hawakuteremka kutoka mbinguni. Waliingia kwa miguu, mmoja mmoja, na kila mmoja aliiacha nchi kavu nyuma yake. Palikuwa na mahali pa kusema "basi, waliobaki wangoje", na neno hilo halikusemwa, au lilisemwa lisisikizwe. Hatusemi haya kuwalaumu marehemu. Mtu anayekwenda kibaruani asubuhi anamwogopa tajiri wake kuliko maji, kwa kuwa tajiri hapokei udhuru wa feri kujaa. Lakini kila msafiri akijiambia, "Mimi mmoja nitazidisha nini?", ndipo wanapotimia mia.

Je, tulijifunza? Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko kilichoundwa kuchukua watu 101, ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu 228. Mara zote hizo chombo kilipakia kupita kiasi. Nchi mbili, bahari na ziwa, lakini kosa ni lile lile. Kila mara tulilia, tukazika, na tukasema ajali haina kinga.

Kisha Likoni, Jumapili ya tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma likatumbukia baharini kutoka MV Harambee katikati ya kivuko. Ndani yake walikuwamo mama na bintiye mdogo. Waliopolewa siku ya 13. Kwa mara nyingine lugha yetu ikatupa njia: gari limetumbukia. Lakini swali la mtu anayetaka kujifunza ni hili: ni nani aliyekuwa na kazi ya kuhakikisha kwamba gari haliwezi kutumbukia, na ni nini kilichomzuia kuifanya?

Wengine watatuambia kwamba dawa ni adhabu kali. Hatukubali moja kwa moja. Yule mtoto wa jikoni alijifunza kusema "imevunjika" siku aliposema kweli akazabwa kofi. Mkubwa naye ni vivyo hivyo. Mfanyakazi akijua kwamba akisema "nimekosea" atafukuzwa siku hiyo hiyo, atanyamaza, na kosa litabaki pale pale likimngoja mwenzake. Marekani, tangu mwaka 1976, marubani wana mahali pa kupeleka habari za makosa yao wenyewe kwa siri, hata kama hapakutokea madhara, ili wengine wajifunze kabla mtu hajafa.

Lakini tusichanganye mambo. Aliyekosea akasema, huyo ni mwalimu wetu. Aliyekosea akaficha, huyo ametudhulumu. Na aliyejua hatari, akaipuuza kwa kuwa jana ilipita salama, huyo hana haki ya kujificha nyuma ya neno "ajali". Hao watatu tukiwapa kofi moja, au tukiwasamehe kwa pamoja, hatutajifunza lolote.

Basi tuanze na yaliyo katika uwezo wetu. Mwenye lango na ahesabu, na aruhusiwe kufunga bila kutukanwa. Baharia anayeona mnyororo umelegea na aseme, na mkubwa wake amshukuru. Tajiri na akubali kwamba mtu aliyechelewa ni bora kuliko maiti. Nasi tunaoteremka ule mteremko wa Likoni tukikimbia kana kwamba feri ni ya mwisho duniani, tukubali kungoja inayofuata.

Na nyumbani, bilauri ikianguka leo jioni, mama na aulize kwa upole ni nani aliyeivunja. Mtoto akijibu "ni mimi", apewe ufagio azoe vipande, kisha aonyeshwe namna ya kuishika bilauri yenye maji. Kofi halina haja hapo. Huenda mtoto huyo ndiye atakayesimama langoni pa feri siku moja, na siku hiyo tutamhitaji mtu aliyezoea kusema "ni mimi".