BAHASHISHI SI MSHAHARA

Ndugu wafanyakazi,

Habari za vita husifu majemadari na mizinga. Sisi tunauliza: mizinga hiyo ilibebwa na nani?

Mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Kaskazini liliizingira bandari ya Charleston, mji wa mabwana wenye watumwa. Katika kisiwa cha Morris, askari walichimba mahandaki mchangani usiku kwa usiku, huku makombora yakiwaangukia, mpaka adui alipoihama ngome ya Wagner usiku wa kuamkia Septemba 7. Penye matope ya jirani walijenga kituo cha mzinga mmoja wenye uzito wa zaidi ya kilo 7,000. Mifuko ya mchanga ipatayo 13,000 ilibebwa na watu. Mzinga huo ulipasuka ulipofyatuliwa mara ya 36.

Sehemu kubwa ya sulubu hiyo ya kuzingira waliifanya askari weusi. Askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi aliandikiwa dola 10, akakatwa 3 za nguo, zikabaki 7. Risasi haikuwabagua, karani wa mishahara aliwabagua.

Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kilichopoteza watu wengi kilipoishambulia ngome hiyo Julai 18, kilikataa kupokea hata senti. Serikali ya jimbo lao ikajitolea kuwajazia pengo. Wakakataa tena. Walidai haki yao kwa mwajiri wao, hawakuomba sadaka. Wake na watoto wao waliona njaa. Katika kikosi kingine, Sajini William Walker aliyeongoza wenzake kuweka silaha chini alipigwa risasi na jeshi lake mwenyewe, Februari 1864. Juni mwaka huo Bunge likapitisha mshahara sawa, na Septemba Kikosi cha 54 kikalipwa malimbikizo.

Ndugu, nasi tunao vibarua wanaofanya kazi ile ile ya wenzao wa kudumu kwa ujira pungufu. Wakilalamika, hupewa kilo mbili za sukari wakati wa sikukuu. Tusiwacheke wanaopokea; njaa ni mbaya. Lakini chama kisitie sahihi mapatano yanayoita sukari mshahara. Wa kudumu asipomtetea kibarua leo, kesho atapewa ujira wa kibarua.

Kazi sawa, mshahara sawa. Umoja ni nguvu!