Mleta Amani wa Cartagena

Wako waandishi wa historia ya Amerika ya Kusini ambao, kila wamtajapo Jenerali Pablo Morillo, humbandika lile jina la sifa alilopewa na upande wake: Pacificador. Mfasiri mvivu huliona, akaandika "Mleta Amani", akaweka kalamu chini. Hasha! Kazi ndiyo kwanza inaanza, kwani jina la sifa halina budi kupimwa kwa matendo ya mwenye kuitwa.

Morillo alizaliwa mwaka 1775 katika familia duni ya Zamora, Hispania, akapanda vyeo kwa ushujaa ambao hakuna anayeubisha. Alipigana Trafalgar mwaka 1805. Na Napoleon alipoivamia nchi yake, alikuwa miongoni mwa waliowatoa Wafaransa mjini Vigo mwaka 1809. Mtu huyo aliyeonja uchungu wa kutawaliwa na wageni ndiye aliyetia nanga Venezuela mwaka 1815 na askari zaidi ya elfu kumi, kuwarudisha wengine chini ya Mfalme Fernando wa Saba.

Akauzingira mji wa Cartagena kwa zaidi ya siku mia moja, baharini na nchi kavu. Watu walikula punda, mbwa, panya, hata ngozi. Maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Mji uliangushwa Desemba 1815, na Februari 1816 viongozi wake tisa wakapigwa risasi. Huko Bogotá, mwezi wa Oktoba, ikawa zamu ya Francisco José de Caldas, mwanachuoni wa nyota na mimea, aliyepima urefu wa milima kwa joto la maji yachemkayo. Na mfalme alimtunuku nini Morillo? Akamfanya Conde, yaani mwinyi, wa Cartagena. Mji aliouua kwa njaa ukawa pambo la jina lake!

Watetezi wake hukumbusha kwamba alimsamehe Arismendi kisiwani Margarita, na kwamba Bolívar naye alitangaza vita visivyo na msamaha mwaka 1813, akaamuru mamia ya mateka wauawe mwaka 1814. Ni kweli, na damu hiyo nayo isifichwe. Lakini kwa mateka wale hakuna aliyemwita Bolívar mleta amani. Husema pia kwamba Novemba 1820 Morillo alitia saini mkataba wa kusitisha vita, akakumbatiana na Bolívar pale Santa Ana. Kweli, ila jeshi la mfalme lilikwisha kushindwa Boyacá mwaka 1819, askari waliotarajiwa kutoka Hispania waliasi Januari 1820, na serikali mpya ya Madrid ndiyo iliyomwamuru azungumze. Upanga ulipokatika, ndipo mkono uliponyoshwa.

Wahenga walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya kile ulisikika Boyacá, na mwaka 1821 Cartagena yenyewe ikakombolewa. Kiswahili kina neno amani na kina neno kimya, wala hayajapata kuwa ndugu. Amfasiriye Morillo na aandike "Mnyamazishaji", asiwadhulumu maiti wa Cartagena mara ya pili.