Tupeni nyasi kwanza, majukwaa baadaye

Wadau, leo tuongelee Stedi ya Manispaa hapa kisiwani. 2018 ilifungwa, ikabomolewa, tukaambiwa yajengwa upya. 2023 ikafika, bado haijakamilika. Pigeni hesabu: dogo aliyekuwa na miaka 13 mageti yakifungwa alitimiza 18 bila kuikanyaga. Umri wa kuonekana na maskauti ndio huo ushampita.

2019 Bandari walibeba ngao, wakaingia Kombe la Shirikisho Afrika. Mechi za "nyumbani" wakachezea wapi? Kasarani, Nairobi! Nyumbani gani huko, safari ya usiku kucha kwa basi?

Na mwaka huo huo Mama Ngina ilikarabatiwa, Oktoba Mashujaa Dei ikafanyiwa pale pale. Kumbe Mombasa kazi huisha, bora kuwe na siku ambayo wakubwa hawataki kuaibika.

Kuna watakaosema stedi ya kisasa yataka pesa na subira. Sawa, sikatai. Lakini mchezaji hahitaji jukwaa la VIP ndio afanye mazoezi. Ahitaji nyasi, vyoo, na chumba cha kubadilishia, cha wasichana pia. Anzeni na hivyo, majukwaa yafuate moja moja.

Mji uliotoa Feisal, mabingwa wa Kenya 1965, usiwe waomba kiwanja. Kaunti, bandikeni tarehe getini: nyasi lini, vyoo lini, majukwaa lini. Ikipita, tuje tuulize.

Wewe ungeanza na nini? Niambie hapo chini.