Mshenga Asiyetaja Aliyemtuma

Kwenye semina ya wanafunzi wa mwaka wa tatu, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, mzungumzaji mkuu alianza na Mithali 4:7. Alitaja kitabu, sura na mstari, akasubiri wenye Biblia kwenye simu wafungue, ndipo akaendelea. Dakika ishirini baadaye mtu huyohuyo alikuwa akiwapoza vijana wasihangaike mno na habari ya wizi wa kitaaluma. Kwa Mwafrika, alisema, elimu ni mali ya jamii, haina mwenyewe. Kutaja nani kasema nini kila baada ya sentensi mbili ni desturi iliyokuja na meli za wazungu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa safu ya nyuma karibu na chupa za chai, nusura ajimwagie.

Hoja hii husikika kila mahali siku hizi, na utamu wake unaeleweka. Mtu aliyekopi na kupesti kurasa kumi na nne usiku wa manane anaamka asubuhi akiwa mpigania uhuru.

Lakini ni nani huyo Mwafrika asiyetaja mwenye maneno? Pwani nzima inajua kazi ya mshenga. Anapiga hodi, anakaribishwa, anakunywa maji, na kabla hajafungua mdomo kuhusu posa anaeleza katumwa na nani, mtoto wa nani, wa mtaa gani. Akisahau kumtaja aliyemtuma, basi mposaji ni yeye, na aanze kutafuta mahari. Mjumbe hauawi kwa sababu hiyohiyo: kila aliyeko barazani anajua maneno yana mwenyewe, na mwenyewe si huyu aliyesimama mbele yao. Hata mzee akitaka kutia methali husema wahenga walinena. Hasemi ameiwaza jana akiwa anaoga.

Kwenye madrasa hadithi huanza na majina ndipo yaje maneno: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa Mtume. Mnyororo ukikatika, hadithi inatiwa udhaifu. Imamu Bukhari, aliyeipima minyororo hiyo mmoja baada ya mwingine, alifariki mwaka 870, wakati Oxford haijawa na hata darasa moja. Naye Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye utenzi wa wosia mwaka 1858, alitia ndani ya beti zenyewe jina lake, Pate alikozaliwa, na mwaka wa Hijria, 1275. Hakuwa na msimamizi wa tasnifu aliyemwekea alama nyekundu pembeni.

Na kama kunukuu ni damu ya wazungu, damu hiyo ilipotelea wapi kwa Karl-Theodor zu Guttenberg? Huyu alikuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani. Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimvua udaktari baada ya wasomaji kukuta aya za watu wengine zimetapakaa katika tasnifu yake, akajiuzulu Machi 2011. Aprili 2012 rais wa Hungaria, Pál Schmitt, aliachia urais kwa kisa cha aina hiyohiyo. Februari 2013 ikawa zamu ya Annette Schavan, naye waziri wa Ujerumani. Waziri wa nini? Wa elimu.

Huku Afrika, Januari 2017, Nana Akufo-Addo aliapishwa kuwa rais wa Ghana kwa hotuba iliyokutwa na sentensi za Bill Clinton na George W. Bush. Waghana walipiga kelele, ofisi yake ikaomba radhi. Miezi michache kabla, Nigeria ilikuwa imeona hivyohivyo kwa Muhammadu Buhari na maneno ya Barack Obama, na huko nako ofisi ya rais iliomba radhi. Wale wataalamu wa elimu ya jamii walikuwa wapi siku hizo, wawatetee marais wao?

Kuna pia Nairobi. Filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, inawaonyesha vijana wa Kenya wanaoandika kazi za chuo kwa malipo, na wateja wao ni wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Mzungu ananunua, Mkenya anaandika, jina linalotoka juu ni la mnunuzi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 kuzuia biashara hiyo. Vijana hao wa Nairobi hawahitaji kuambiwa kama maandishi yana mwenyewe. Ndio wanaokaa nayo mpaka alfajiri.

Semina haikukosa mwanafalsafa. Kijana mmoja alisimama akauliza mbona mama akipika pilau hataji aliyemfundisha. Huyu hajakaa jikoni na mama yake. Sifia achari mbele ya mwanamke wa Tanga uone kama utaondoka hujatajiwa shangazi aliyemfundisha, mwaka wenyewe, na wifi aliyejaribu kuiga akaiunguza.

Mwandishi wa makala haya huombwa kupitia ripoti za wanafunzi kila ifikapo Juni, na amekwisha kuona mengi. Ipo moja ya kijana aliyedai kuwahoji wakulima wa mpunga wa Kilombero. Ukurasa wa 34, wakulima hao walilalamikia bei ya mbolea Kaduna. Kaduna iko Nigeria. Chini yake herufi zilibadilika ukubwa, na maneno matatu yalibaki na rangi ya buluu na mstari chini, kama yalivyotoka kwenye intaneti. Kijana hakuona tatizo lolote, kwa sababu programu ilikuwa imempa asilimia 18.

Hizo asilimia nazo ni balaa lake. Turnitin, iliyouzwa mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 1.75, yenyewe husema inaonyesha mfanano tu, hukumu ni ya mwalimu. Vyuoni imegeuzwa kipimajoto: chini ya 20 mzima, juu ya hapo mgonjwa. Basi mwanafunzi anachukua aya ya mtu, anageuza "ongezeko" kuwa "kukua", anahamisha kiunganishi, namba inashuka, anakimbilia steshenari kufunga kitabu. Hajafundishwa kitu kingine. Hakuna aliyemwambia asome aya, afunge kitabu, amweleze mwenzake kwa mdomo, kisha aandike alichoeleza na kumtaja aliyekisema kwanza. Hayo yanachukua dakika kumi za kipindi. Wasimamizi hawana dakika kumi, ila baadhi yao wana muda wa kutanguliza majina yao kwenye makala zilizoandikwa na wanafunzi. Lakini hilo lina siku yake.

Baada ya semina, msichana wa Idara ya Kiswahili alimfuata mwandishi huyu kwenye ngazi. Anaandika kuhusu bembelezi za Pangani, nyingi kaimbiwa na bibi yake mzaa mama, na katika sura ya nne alikuwa ameandika kwamba nyimbo hizo ni za jamii, hazina mtunzi. Aliulizwa kama aliwahi kumuuliza bibi. Hakuwahi. Akapiga simu palepale, akaweka spika. Bibi alicheka kwanza. Kisha akasema ule wa tatu aliutunga dada wa mama yake, mwaka ambao mwanawe wa kwanza hakuwa akilala, akataja jina lake na la mumewe, na mtaa walikoishi. Akataka kujua na yeye ataandikwa vipi humo kwenye kitabu. Aliposikia ni jina kamili, alisisitiza liwe la baba yake. La mume wake, alisema, lilishatosha kwenye hati ya nyumba.