Hesabu bolti kwanza, pesa baadaye

Wasee, leo najishtaki mwenyewe.

Mnajua vile napenda hotirodi, zile gari kuukuu za Marekani kama Ford ya 1932, zinazopunguzwa mabati na kutiwa injini ya nguvu. Sasa, mwezi uliopita mfuasi wangu mmoja huko Marekani alinitumia picha ya giaboksi ya gia nne. Muuzaji alisema ni Muncie. Nikaangalia sekunde tano, nikajibu: "Ni Muncie hiyo, chukua." Akachukua. Kumbe ni Saginaw.

Hizo si jina tofauti tu. Muncie, ambayo General Motors waliitumia kuanzia 1963 hadi 1974, iliwekwa kwa gari zenye nguvu. Saginaw ilikuwa ya injini za wastani, na bei yake huwa chini. Iweke nyuma ya injini kali na unaweza kuivunja.

Msimamo wangu ni huu: kutambua giaboksi si kipaji wala si uzee. Ni kuhesabu. Na kama hujahesabu, usimwambie mwenzako atoe pesa.

Anza na kifuniko cha ubavuni. Kikiwa na bolti 9, hiyo ni BorgWarner T-10. Kikiwa na 7, tulia kwanza, maana Muncie na Saginaw zote zina 7. Tafuta mkono wa rivasi. Ukiwa hapo kwa kifuniko na ile mingine miwili, ni Saginaw. Ukiwa nyuma kwa mkia, ni Muncie. Bado una shaka? Leta sumaku. Kasha la Saginaw ni chuma, sumaku inanasa. La Muncie ni alumini, inateleza. Na kama kifuniko kiko juu, kina bolti 10, hiyo ni Toploader ya Ford ya gia nne.

Kuna wale watasema, "Si usome tu namba?" Soma, lakini usiishie hapo. Hizi giaboksi ni za miaka mingi na zimefunguliwa na mafundi wengi. Kila muuzaji anadai yake ni M22, ile Muncie inayoitwa Rock Crusher. Shafti ya mbele ya M22 haina mifereji ya duara, sawa, lakini shafti hubadilishwa. Fungua uone meno: ya M22 yamelala kidogo tu, ndiyo maana inapiga kelele.

Wengine mmeniandikia eti ningemaliza chuo ningejua. Hapana, buda. Nilikosa kuomba picha moja zaidi, basi. Lile jibu langu sijalifuta, nimeweka marekebisho juu yake. Na hasara ya jamaa tumekubaliana nimlipie nusu, pole pole.

Kwa hivyo ukinitumia giaboksi, tuma na picha ya ubavu. Bila hiyo jibu langu ni moja: sijui.