Makosa ya Mwambao wa Mweru ni ya Nani?

Umekuwa mtindo katika majarida yetu ya lugha kuchapa orodha za makosa. Mwalimu huketi na madaftari ya wanafunzi wake, akachomoa sentensi thelathini zilizopinda, akaandika masahihisho mkabala nazo, kisha akampelekea mhariri kwa fahari ya askari aliyekamata wezi. Naomba nafasi niupinge mtindo huo. Si kwamba makosa hayapo, yapo tele. Ila orodha isiyosema kosa limetoka wapi haimfundishi mwanafunzi, na humdanganya mwalimu kwamba amekwisha kufundisha.

Nazungumzia Nchelenge, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ni Kongo, kuna Kilwa na Pweto, na Kiswahili huvuka maji kila siku pamoja na samaki. Upande wetu wa Zambia lugha kuu ya nyumbani ni Kibemba, wala Kiswahili si miongoni mwa lugha saba za nchi zinazotambuliwa kwa shughuli za shule na redio. Kwa hiyo anayejifunza hapa hakuletwa na mtihani. Ni mchuuzi wa Kashikishi anayewauzia Wakongo wale dagaa waitwao chisense, au ni jirani wa wakimbizi waliopokewa Mantapala tangu 2018. Mtu huyo akivunjwa moyo huondoka, na hakuna mkaguzi wa kumrudisha darasani.

Basi tulitazame kosa linaloongoza orodha zote: "Samaki yangu imeoza." Mwalimu hupiga mstari mwekundu, akaandika "samaki wangu ameoza", akafungua ukurasa mwingine. Lakini mwanafunzi huyu hakubahatisha. Katika Kibemba husema "isabi lyandi lyabola": jina isabi lina ngeli yake, na maneno yote yaliyobaki huifuata ngeli hiyo bila kujali kwamba samaki ana roho. Vivyo hivyo mbwa: "imbwa yandi yafwa." Mwenye lugha hii amezoea upatanisho tangu utotoni, pengine kwa uaminifu kuliko wengi wetu tuliolelewa mijini. Kinachomkwaza ni kwamba Kiswahili huwatoa viumbe wote katika ngeli zao na kuwavika a- na wa-. Tena tazameni tunavyofanya: samaki amekufa, ameoza, ananuka, nasi bado twamheshimu kwa upatanisho wa walio hai! Kisha mwanafunzi anatusikia tukisema "rafiki yangu amefika", si "rafiki wangu", naye anauliza kwa nini rafiki, aliye mtu kabisa, anyimwe kile alichopewa samaki. Hilo ni swali la mtu mwenye akili. Mstari mwekundu haulijibu.

La pili ni mahali. "Niko mu nyumba", "naenda ku soko." Kibemba huweka pa-, ku- na mu- mbele ya jina: "mung'anda" ni ndani ya nyumba, "kumushi" ni kijijini. Kiswahili hutumia kiambishi tamati -ni, lakini pa, ku na mu hazikufa. Zimehamia katika upatanisho. Mbemba asemapo "mung'anda muli abantu", nasi twasema "nyumbani mna watu". Mu ile ile! Mwalimu anayelijua hili hulimaliza somo la mahali kwa siku mbili, kwa sababu mwanafunzi analo tayari na anahitaji kuonyeshwa tu pa kuliweka. Asiyelijua humkaririsha -ni mwezi mzima, mpaka mwanafunzi, kwa hofu, anaziweka zote mbili: "naenda ku sokoni." Kosa hilo la mwisho halikutoka kwa mama yake. Limetoka darasani.

Nyakati nazigusa kwa ufupi. Kibemba hutenga wakati uliopita katika ngazi nne: la punde hivi, la leo, la jana, na la kabla ya jana. Mwenye ngazi nne akipewa -me- na -li- peke yake atazigawa ajuavyo: -me- kwa ya leo, -li- kwa ya jana na zamani. Ndiyo sababu jioni anasema "asubuhi nimevua chisense". Aambiwe kwamba -me- haipimi saa, bali huonyesha hali iliyobaki baada ya tendo. Babu aliyefariki miaka ishirini iliyopita bado "amekufa".

Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi wa Kipolandi waliletwa Tanganyika, Uganda na Rhodesia ya Kaskazini, na kambi yao moja ilikuwa Abercorn, ndiyo Mbala ya leo. Kipolandi hakina yale maneno madogo ya Kiingereza yatanguliayo majina, na mpaka leo Mpolandi anayejifunza Kiingereza huyaruka. Kiswahili hakinayo pia, nasi twayaruka vile vile, wala hatupendi kuitwa wajinga kwa ajili hiyo.

Kuna fungu jingine ambalo si kosa la Kibemba hata kidogo. "Mutu mwenye alikuya", "batoto", "kamutoto": hicho ni Kiswahili cha Katanga, chenye kanuni zake, na ndicho mchuuzi wetu anachojibiwa akifika Kilwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifu, na Kamati ya Lugha ilipoundwa 1930, waliohusika walikuwa Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo na Rhodesia ya Kaskazini hazikuwa na kiti. Mimi nafundisha Kiswahili Sanifu na nitaendelea kukifundisha. "Aliyekuja" ndiyo ninayoidai katika insha. Ila simwambii mtu kwamba jirani yake hajui kusema.

Nasikia wenzangu wakiuliza: je, kila kitu kiruhusiwe? La hasha. "Hatusoma" ni kosa, lisahihishwe siku ile ile. Lakini hata hapo elezeni: Kibemba hukanusha kwa ta- mwanzoni na kuiacha -a mwishoni, kama katika "tabalefwaya", hawataki, Kiswahili hubadili ncha zote mbili. Dakika tano zatosha.

Wanauliza tena: je, sasa tujifunze Kibemba? Ndiyo. SADC ilikikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na sisi walimu tulishangilia. Lugha hiyo imeingia nyumbani mwa watu wenye lugha zao, nao waliipokea zamani kuliko mikutano yetu: Mbemba alichukua kitabu akakiita icitabo, wingi ifitabo, akakiweka katika ngeli yake sawasawa kama Waswahili walivyolifanyia neno la Kiarabu. Mwalimu anayetumwa mwambao huu apewe, pamoja na chaki, kurasa chache za sarufi ya Kibemba, naye azisome kabla hajaifungua kalamu yake nyekundu.