Yule Dada wa Melini: Tulimcheka, Leo Mi Naomba Radhi

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina deni na nimekuja kulilipa.

Mnamkumbuka yule dada wa melini? Jina simtaji, mwenyewe anajijua na nyie mnamjua. Yule aliyekuwa anaposti nchi mpya kila baada ya siku kadhaa, mara Cape Town na mlima nyuma yake, mara India kavaa sari. Anafanya kazi kwenye meli ya wanafunzi wa Marekani, wale wanaosoma chuo huku wanazunguka dunia. Mwezi uliopita akaweka klipu fupi ya usiku, macho mekundu, anasema amechoka na anatamani hata nusu siku ya kuwa peke yake. Basi tukamrukia. Na mimi ndo niliyeileta humu, nikaandika juu yake: "Kumbe na bata linachosha?" Mkamwaga povu mpaka dada wa watu akaifuta.

Siku mbili baadaye akaja inboksi. Nikajua leo natukanwa. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mdogo wangu, ulisoma bweni?" Nikamwambia ndiyo dada, miaka minne. Akanijibu, "Basi mimi ndo matroni. Ila shule yangu haina geti la kutokea."

Hiyo sentensi ilinikaa kichwani. Nikaanza kufuatilia hizi kazi zikoje.

Meli za masomo si kitu cha jana. Programu inayojulikana zaidi ni Semester at Sea, ilianza 1963, na mwaka 2015 walianza kutumia meli inaitwa MV World Odyssey. Hata marehemu Askofu Desmond Tutu alishasafiri nao. Muhula mmoja unakula siku kama 100 na nchi kama 10. Ya dada yetu siitaji, hii nimeitaja ili uone mfumo wenyewe ulivyo.

Sasa chukua bweni lako la sekondari, ling'oe, liweke juu ya maji. Hapo kuna wafanyakazi wanaoishi na wanafunzi korido moja. Mwanafunzi kazidiwa na kichefuchefu cha mawimbi saa nane usiku, unagongewa wewe. Wawili wamegombana chumbani, wewe. Mwingine kapigiwa simu kwamba bibi yake kafariki na nchi kavu iko mbali siku nne, wewe ndo unakaa naye mpaka kunakucha. Asubuhi kuna kikao, na unatakiwa uwe na tabasamu.

Na usifikirie wikiendi. Meli ikiwa baharini, siku ya baharini ni siku ya darasa, hata iwe Jumapili, ukitoa siku chache za kupumua. Mkielekea mashariki saa zinasogezwa mbele, yaani usiku wenyewe unapungua saa nzima, halafu kesho kutwa tena.

"Lakini si wanashuka bandarini?" Wanashuka, ndiyo. Ila kabla ya kila bandari kuna kuwapa wanafunzi semina ya usalama, hela, mila na sheria za nchi. Kuna kukaguliwa pasipoti. Kuna zamu ya kubaki melini wenzako wakishuka. Ukitoka na kundi la wanafunzi, unahesabu vichwa kwenye basi kama konda anayeogopa bosi. Jioni ya mwisho ndo presha, maana meli ina saa yake. Anayechelewa kurudi, bandari inayofuata anazuiwa kushuka kwa masaa, na wa kusikiliza kilio chake ni yule yule matroni.

Ile picha ya Cape Town ilikuwa kweli. Ila ilikuwa saa mbili tu, kati ya zamu na zamu. Sisi tukaichukua saa mbili tukaifanya maisha yake yote.

Najua kuna mtu hapo anasema, "Bwana eeh, analipwa, anaona dunia bure, anyamaze." Mi mwenyewe ndo nilisema hivyo. Lakini hebu tuwe wakweli. Muuza duka Kariakoo anachoka, ila jioni anafunga anaenda zake Mbagala. Dereva wa bodaboda anachoka, ila akizima pikipiki hakuna abiria anayelala naye chumba cha pili. Kwenye meli, kazini ndo nyumbani, bosi ndo jirani, na ukienda kula unakula na wale wale uliotoka kuwatuliza. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unataka baharia apate angalau saa 10 za mapumziko ndani ya saa 24. Safi kabisa. Ila kupumzika na kuwa peke yako ni vitu viwili tofauti, na cha pili hakiandikwi kwenye mkataba.

Sisemi msiombe hizi kazi. Ukiipata, nenda, dunia ni kubwa na dada mwenyewe anasema haijutii. Ila nenda ukijua unaenda kulea watu. Picha ni marupurupu.

Na sisi wa huku, tumezoea kumwambia mtu aposti raha tu. Akiposti raha tunasema anaringa. Akiposti machozi tunasema anatafuta kiki. Sasa afanyeje?

Ile posti nimeifuta. Dada, samahani sana, nimesema mbele ya watu kwa sababu nilikukosea mbele ya watu.

Haya, dondosheni komenti: wewe kazini kwako, ukichoka unakimbilia wapi? Ila atakayemtaja jina namfuta, simuonyi mara mbili.